Doa Chini ya Kopo la Maziwa

...na waliokuwepo jikoni walikuwa wanne tu, mama mkwe kwenye kigoda, mke wa shemeji kainamia meza ya marumaru, mtoto mgongoni, na yeye mwenye mgongo, anayeitwa bibi harusi mpaka leo ingawa mtoto ameshaota meno, huyu mwenzake ndiye aitwaye mwanangu, mwanangu njoo uone, mwanangu meza yangu imekwisha, kaitwa kwa simu kama daktari, kisa duara moja la kutu, duara la kopo la maziwa ya mtoto, nani angejua bati likilala kwenye maji linaacha alama ndani ya jiwe, bibi harusi alisugua kwa siri, Mungu shahidi alisugua, akakamulia ndimu, ndimu si hutoa kutu kwenye nguo, kutu haikubanduka, jiwe ndilo lililofifia, pakapauka pembeni ya duara kama mdomo wa mgonjwa...

"Marumaru haipakwi ndimu wala siki, inalika," anasema mke wa shemeji, kwa sauti ya chini, vidole vyake vimesimama palepale palipopauka, ameona, basi ameona, sasa atasema, aseme tu, azidi kupendwa, mume wangu naye humsifia, shemeji ana mikono, shemeji ana mikono, kwani mimi nina kwato...

"Mdogo wangu, niletee poda ya mtoto."

Hata poda ya mtoto aitake, lakini anaileta, anamtazama akiichanganya na unga wa kutoa kutu aliokuja nao, ule usio na tindikali, na maji kidogo, mpaka uji mzito, polepole, mikono mizuri kweli, inauma kuitazama, anaupaka juu ya duara, kisha anavuka duara, anaendelea, anafunika pote palipopauka...

"Mbona unapaka eneo lote hilo?" mama mkwe anauliza.

"Kutu imetambaa, mama."

"Imetambaa wapi, mimi nimeona duara tu."

"Macho yako hayo, mama, jana uliniamkia ukidhani ni fundi bomba." Mama mkwe anacheka mpaka kigoda kinalia, na mke wa shemeji anatandaza nailoni juu ya uji, anabandika kingo, anainama kuokota kifuniko cha poda, "Kesho pakibaki pamepauka, dawa yangu ndiyo iliyochoma, sawa?" anamnong'oneza, na mkono wenye uji unagusa mguu wa mtoto, unaacha alama nyeupe, na bibi harusi anatafuta ile hasira yake, ilikuwa hapa sasa hivi, anaitafuta kama mtu anayetafuta funguo alizozishika, wivu upo, bado upo, ila umekosa pa kukaa...

"Bibi harusi, umesinzia? Weka chai."

Anaweka chai. Kutu ilitoka kesho yake, palipopauka hapakurudi kung'aa, na mama mkwe mpaka leo huwaonyesha wageni mahali yule mwanangu wake alipomharibia meza.