Na au Kwa

Kufikia saa tano asubuhi, Bibi Nukta alikuwa ameisoma sentensi moja mara sita, na kila mara presha ilimpanda upya. Jina hilo alibandikwa na wenzake katika ofisi ya nyaraka za serikali, kwa kuwa hakuna hati iliyotoka mezani kwake ikiwa na nukta pasipo mahali pake. Miaka ishirini anawasahihishia wakubwa Kiswahili chao, na wakubwa wenyewe wala hawajifunzi.

Sentensi ilikuwa hii: "Marehemu aliuawa na mtambo." Marehemu alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi wa pampu za maji, mtu asiyeua hata mende. Siku aliyouawa alibeba bomba begani. Ndege ya jeshi isiyo na rubani ikaliona bomba, ikajiamulia kwamba ni silaha, ikafyatua. Sasa ripoti ilikuwa inapelekwa kwenye mkutano wa nchi zinazobishana kama mitambo ya aina hiyo ipigwe marufuku. Mdogo wake alitaka kitu kimoja tu humo: nani amemuua mume wangu?

Bibi Nukta akakata "na" kwa kalamu nyekundu, akaandika "kwa".

"Jamani, mama, kineno hicho ndicho kinatuchelewesha?" kanali aliyeileta ripoti alilalamika.

"Afande, mtu huuawa kwa kisu, kwa risasi, kwa sumu. Halafu ndiyo unasema na nani."

"Mbona tunasema aliuawa na simba?"

"Simba ana njaa. Huo mtambo wenu nao una njaa?"

Kanali akashusha pumzi. "Nielewe basi. Hakuna mtu aliyeamua. Umetengenezwa uamue wenyewe."

"Si uandike hivyo hivyo! Aliuawa kwa mtambo, na hakuna binadamu aliyeamua afe."

"Siwezi, mama. Nikiandika hivyo, kesho tu wataupiga marufuku."

Bibi Nukta alimkodolea macho. Mtu mzima, nyota zimejaa mabegani, amelijibu swali la mkutano mzima na wala hajajisikia! Alichoka naye. Akaipiga chapa upya sentensi ile, akamsukumia karatasi: "Marehemu aliuawa kwa mtambo na ............"

"Jaza hapo, kisha tia saini."

Kanali alishika kalamu. Akaisogeza kwenye nukta zile, akaiinua, akaisogeza tena. Mwisho akaifunga, akachukua kofia yake na kutoka bila kuaga. Ripoti akaiacha pale pale mezani.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, wameandika nani?"

Bibi Nukta aliitazama karatasi.

"Nukta tu, mdogo wangu," alisema. "Wameniachia nukta tupu."