Magunia Saba kwa Meneja Pu

Shemeji yangu Kuang Meizhi alifundisha kemia miaka thelathini na moja. Alipostaafu alirudi kijijini kwetu Hunan, China, akidhani atalima pilipili na kupumzika. Akakuta kiwanda cha kuyeyusha zinki kimetutilia sumu visimani. Mpunga wetu ulikuwa umekataliwa sokoni kwa sababu ya kadimiamu, metali yenye sumu isiyoonekana majini wala kunuka. Dada yake Yue'e, mke wangu, mifupa ilimuuma hata kushika vijiti vya kulia ikawa taabu.

Meizhi hakungoja mtu. Soko likifungwa, aliokota majani ya kabichi na mabua ya pilipili, akayakausha na kuyachoma ndani ya pipa lililozibwa lisiingize hewa. Makaa yake aliyasaga, akayashindilia kwenye mapipa ya kuchujia maji. Maji yalipopimwa mjini, sumu ilikuwa imeshuka sana. Makaa yalikuwa yameinasa.

Ndipo alipokuja Meneja Pu wa kiwanda, na mpiga picha nyuma yake. Akasimama kando ya pipa, akatabasamu, akaenda zake. Wiki iliyofuata bango likasimikwa barabarani: Kiwanda Chetu, Maji Yetu Safi. Mifereji yao miwili ya maji machafu iliendelea kutapika mtoni vilevile.

"Wamekugeuza sabuni yao ya kujisafishia jina," nikamwambia.

Alikuwa akichota makaa yaliyokwisha kazi na kuyatia kwenye magunia. Yakajaa saba.

"Nikiyamwaga shambani, sumu inarudi kwenye mpunga," alisema. "Shemeji, washa trekta."

Yue'e naye akakataa kubaki. Tulifika langoni saa nne asubuhi, lori za kiwanda zikitaka kutoka. Tukayashusha magunia katikati ya njia.

"Mama, hapa si jalala," askari akasema.

"Najua. Jalala mmelifanya kijijini kwetu."

Pu akatoka mbiombio. "Mwalimu Kuang, haya si makaa yako?"

"Makaa ni yangu. Kilichomo ni chako, nimekurudishia."

Pu akawageukia wafanyakazi wake. "Yaondoeni. Lakini vaeni glavu kwanza."

"Glavu za nini?" Meizhi akauliza kwa sauti ya darasani. "Si umeandika ni safi?"

Dereva mmoja wa lori akacheka, kisha wa pili. Hakuna aliyegusa gunia. Yue'e akajikalia juu ya mojawapo, na nani angethubutu kumwinua mgonjwa mbele ya watu wote wale?

Lori zilikwama siku mbili, mpaka wakaguzi wa wilaya wakaja. Bango liling'olewa, mfereji mmoja ukazibwa, na sasa kiwanda hutuma gari kuchukua makaa yaliyochoka. Mfereji wa pili bado unatiririka. Yue'e anakunywa maji yaliyochujwa, ila mifupa yake haikupona, na mimi ndiye ninayemlisha.

Watu wakimpongeza Meizhi, hukasirika. "Mnanipongeza kwa kufagia uchafu wa mwingine," husema. Kesho anakwenda tena wilayani kuuliza habari za mfereji wa pili. Hii itakuwa safari ya kumi na moja.