Mikate Saba ya Serkebay

Bi Ulbosin alikuwa mtu wa kutafuta njia ya mkato hata mahali penye njia moja tu. Kwa hiyo mjukuu wake Akbota aliporudi na habari kwamba kila mtoto wa darasa lao alete chakula cha kwao kwa sherehe ya Nairuzi, akipike kwa mkono wake mwenyewe, kisha asimame aseme hupikwa kwa nini, bibi alifikiria kwanza kile kisichotaka moto.

"Peleka kurti," akasema. Kurti ni vidonge vya maziwa ya mgando vilivyokolezwa chumvi na kuanikwa mpaka vikawa kokoto. "Unajaza mfukoni, kazi imekwisha."

"Bibi, Mwalimu Raushan ana meno ya bandia."

"Atafyonza."

"Na nikiulizwa hupikwa kwa nini?"

"Sema ni za kuziba midomo ya watoto wenye maswali."

Akbota alikunja uso. Wakaendelea kutafuta. Nyama ya farasi ilitaka farasi. Maandazi ya Nairuzi yangeletwa na nusu ya darasa, na nusu ya pili ingekuja kuyala. Uji wa Nairuzi ungemwagika njiani, na bibi hakuwa na nia ya kubeba sufuria ya kulisha watu barabarani kama mpishi wa jeshi. Mwisho akapiga paja.

"Shelpeki! Tulikuwa tunahangaika nini?"

Kweli, shelpeki hata mtoto anaziweza. Unga, maziwa, chumvi, mafuta kidogo; unakanda, unasukuma duara, unatumbukiza kwenye mafuta ya moto, inavimba, unageuza, basi. Na maana yake haihitaji kutungwa. Kila Ijumaa Bi Ulbosin alikaanga saba, kwa kuwa harufu ya mafuta yaliyopata moto ndiyo inayowafikia marehemu huko waliko. Akishakaanga huwataja wafu wake mmoja mmoja, husoma Fatiha, kisha mikate hugawiwa majirani. Anayepokea hasemi ahsante. Husema, "Iwafikie."

Asubuhi ya sherehe Akbota alikanda mwenyewe, unga mpaka kwenye nyusi. Bibi alikaa kwenye kigoda na kikombe cha chai ya maziwa, akitoa amri.

"Sukuma taratibu, ndama wangu. Huo ni mkate, hukuibiwa kitu nao."

"Bibi, kwa hizi nimtaje nani?"

"Mtaje mama yangu. Yule alipenda kutajwa hata alipokuwa hai."

"Mama yako unamtaja wewe kila wiki. Babu Serkebay sijakusikia ukimtaja hata siku moja."

Chai ilimpalia Bi Ulbosin.

Tumwache akohoe, tuseme ukweli ambao mtoto hakuupata. Serkebay, mume wa Bi Ulbosin, hakuwa amekufa. Alikuwa dereva wa treni, na siku moja treni ilirudi na dereva mwingine. Serkebay alikuwa ameshuka stesheni ya Shieli, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akiwauzia abiria samaki wa kukausha, na hakupanda tena. Akbota alipoanza kuongea, akauliza babu yake yuko wapi, Bi Ulbosin akajibu, "Amekufa," akaona raha moyoni kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Kamshat, binti yake, ambaye ndiye mama wa mtoto, alimvuta pembeni. "Mama, utamlisha mtoto uongo?" Bi Ulbosin akasema, "Akikua tutamwambia." Kamshat alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha mikate na hakuwa na mwingine wa kumlelea, akanyamaza.

Sasa mtoto alikuwa amekua vya kutosha kukaanga. Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi, na hata mafuta yalikuwa hayajapata moto. Maneno mawili yangetosha. Lakini baada ya hayo mawili yangefuata mengine, ya samaki na ya stesheni, na Bi Ulbosin aliwahi kuchekwa na mji mzima. Hakutaka kuchekwa na mtoto pia.

"Mtaje umtakaye," akasema. "Sogeza karai, mafuta yanangoja."

Darasani walipanga meza kuwa moja ndefu. Akina bibi walikalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafikia kidevuni. Akbota alivaa kofia yenye manyoya ya bundi, ambayo kwao ni ya baraka, na kizibao chekundu, na zamu yake ilipofika alishika sahani kwa mikono miwili.

"Hizi ni shelpeki saba," akasema. "Nimekanda na kukaanga mwenyewe. Hupikwa ili waliokufa wajue hatujawasahau. Mimi nimempikia babu yangu Serkebay. Alikufa kabla sijazaliwa. Bibi huwataja wengine, yeye hana wa kumtaja, ndiyo nikasema nimtaje mimi."

Mwalimu Raushan akajipangusa macho. Akbota akapita kwa wazee kwanza, kila mmoja akakata kipande, akasema, "Imfikie," na viganja vikaanza kufunguliwa kwa dua. Bi Ulbosin aliangalia vidole vyake.

Pembeni alikaa mgeni, Bi Dametken, aliyekuja kusherehekea Nairuzi kwa mwanawe. Huyu alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Mdomo umejaa, akauliza, "Mwanangu, dua inataka jina la baba. Serkebay wa nani huyo?"

"Serkebay wa Mirzabek. Alikuwa dereva wa treni."

Bi Dametken akaacha kutafuna. "Mwenye kovu hapa shavuni?"

"Sijui, bi mkubwa. Sikumwona."

"Mimi nimemwona. Jumanne. Alikuwa akigombana na mbuzi wangu kwa ajili ya kabichi zake. Tunakaa ukuta mmoja kule Shieli." Akatazama kipande mkononi. "Umesema alikufa lini?"

"Kabla sijazaliwa."

"Basi kwa maiti, ana sauti!"

Watoto wakaangua kicheko, wengine wakapiga meza. Wakubwa hawakucheka. Mkate wa wafu kuliwa kwa jina la mtu aliye hai ni uchuro, kila mtu pale alijua. Bi Dametken akatema kwenye leso. Mama mmoja akarudisha kipande chake kwenye sahani, kisha mwingine, mpaka sahani ikajaa vipande vilivyong'atwa. Akbota alisimama nayo, manyoya ya bundi yakitetemeka kichwani. Akageuka kumtazama bibi yake.

Bi Ulbosin hajawahi kukosa neno maishani mwake. Siku ile pia hakukosa, na heri angelikosa.

"Watoto hawa!" akasema, akicheka kidogo. "Husikia nusunusu."

"Haya, basi tumtakie babu maisha marefu," akadakia Mwalimu Raushan haraka, akaita zamu inayofuata, maandazi.

Njiani kurudi Akbota alitangulia hatua kadhaa mbele na sahani yake. Mbwa wa mtaani walimfuata, akawatupia vipande vyote vya shelpeki.

"Sikusikia nusu," akasema bila kugeuka.

"Najua."

"Ulisema amekufa. Ulisema lote."

"Nililisema lote, ndama wangu."

"Kwa nini?"

Bi Ulbosin akatafuta jibu, na kila alilolishika lilikuwa mzaha. "Kwa sababu aliniudhi," akasema mwishowe. Lilikuwa kweli, lakini dogo mno kwa shimo lililokuwepo.

Nyumbani Akbota akanyoosha kiganja. Bi Dametken alikuwa amemwandikia namba ya simu ya babu kwa kalamu. "Nampigia," akasema. Hakuwa anaomba ruhusa. Bi Ulbosin akajimiminia chai na kukaa palepale mezani, na simu ikawekwa sauti ya juu.

"Babu Serkebay? Mimi Akbota, wa Kamshat."

Upande wa pili mtu alikohoa mara mbili kabla ya kusema, kama alivyokohoa siku zote kabla ya kusema. Kikombe kilitulia mkononi mwa Bi Ulbosin.

"Wa Kamshat," sauti ikasema. "Wa Kamshat! Umekuwa mkubwa wa kupiga simu?"

"Hujambo, babu?"

"Miguu imevimba, mdomo mzima. Dametken keshanipigia. Ananiambia leo nimeliwa."

Akbota akacheka, mara ya kwanza tangu shuleni. Naye babu akacheka, wakachekana hivyo, watu wawili wasiojuana. Kisha mzee akauliza polepole, "Nani alikwambia nimekufa, mwanangu?"

Bi Ulbosin akaweka kikombe chini. Na aseme, akawaza. Aseme tu, Serkebay asikie, aibu iingie nyumbani ikae, tuizoee.

"Hakuna," akasema Akbota. "Nilikosea mwenyewe. Mimi husikia nusunusu."

Alilisema vizuri, jicho halikupepesa, na kicheko kidogo mwishoni. Bi Ulbosin aliijua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe, imetolewa kinywani mwake ikatiwa katika kinywa kidogo, na ilikaa humo kama imezaliwa humo.

"Bibi yako yupo?" akauliza Serkebay.

Mtoto akainua macho. Na Bi Ulbosin, ambaye sekunde ile ile alikuwa ameshafungua mdomo, akatikisa kichwa.

"Ametoka, babu."

"Kaenda wapi?"

"Kwa jirani. Kapeleka mikate."

"Akirudi mwambie nimemuulizia."

Simu ikakatika. Akbota akaisukuma kuelekea kwa bibi yake. "Kasema kakuulizia."

"Nimesikia."

"Nimemwambia umetoka."

"Hilo pia nimesikia."

"Wewe ulisema amekufa, mimi nimesema umetoka tu," akasema Akbota, akijifuta namba kiganjani kwa mate. "Wangu mdogo."

Ulikuwa mzaha mzuri. Angeusema mtoto wa jirani, Bi Ulbosin angepiga paja na kuusimulia wiki nzima. Aliusikia ukipita, na mkono wake haukunyanyuka.

Akbota alivaa viatu akatoka uani kucheza. Bi Ulbosin alitaka kumwambia kwamba hakusikia nusu, kwamba alisikia vizuri, kila neno, na wote darasani wangeambiwa hivyo kesho na bibi mwenyewe, kwa mdomo wake. Akaenda mlangoni. Akaita.

"Nakuja, bibi!" mtoto akajibu toka nje, kwa sauti tamu kama asali, wala hakuja.