Kadi Iliyofokea Wageni

Mpangaji kurasa wa kiwanda cha uchapaji alikuwa amepanga vitabu vinene bila wasiwasi, lakini kadi ya harusi ya mdogo wake wa kike ilimtoa jasho. Baba yao alishafariki, kwa hiyo wenye kualika walikuwa baba mkubwa na baba mdogo, na wote wawili walivuta viti wakaketi kandokando ya kompyuta yake.

"Jina langu herufi kubwa tupu," baba mkubwa akasema.

"Na langu?"

"Wewe ni mdogo. Chukua herufi ndogo."

Baba mdogo akanuna. Mpangaji akaingilia kati upesi. "Baba mdogo, kuna herufi kubwa ndogo. Umbo la kubwa, kimo cha ndogo."

"Umbo ni la kubwa?"

"Kabisa."

Akaridhika. Baba mkubwa akainama, akapima kimo kwa ukucha, naye akaridhika.

"Na jina la binti yangu pia liwe kubwa," akaongeza.

"Binti yetu!" baba mdogo akamaka.

Katika programu ile, amri ya herufi kubwa ukishaiwasha lazima uizime. Mpangaji aliiwasha kwenye jina la bibi harusi, akageuka kuamua ugomvi, akasahau kuizima. Wazee walikagua majina yao tu. Yeye naye, kichwa kikimuuma, alikagua hayohayo. Kadi zikachapwa, zikagawiwa.

Kesho yake shangazi akapiga simu. "Mwanangu, nimewakosea nini? Kadi inanifokea!"

Mpangaji akaichukua kadi, akasoma chini ya jina la mdogo wake: FIKENI SAA NANE KAMILI. WATOTO WABAKI NYUMBANI. KARIBUNI SANA. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Hata ule ukaribisho ulionekana kama tishio.

Siku ya harusi alijikokota hadi ukumbini mapema, apange viti huku akitunga maneno ya kuomba radhi. Akakuta viti vimejaa. Watu wamekaa wima, kimya, hakuna mtoto hata mmoja, kila mtu anaangalia saa ya ukutani. Ilipogonga nane, mshereheshaji akaogopa kuchelewa, akaanza.

Baba mkubwa na baba mdogo waliingia baadaye sana, wamependeza, wakipunga mikono.

"Mmeanza bila sisi?"

"Kwani kadi hamkuisoma?" shangazi akauliza.

Wakatazamana. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, nyuma kabisa, karibu na choo. Mpangaji akawaacha waamue wenyewe, akaenda kumrekebishia mdogo wake shela, wote wawili wakijikaza wasicheke.