Dawa ya Macho ya Bibi Theopista

...asifumbue kwanza, nesi alisema dawa ikishadondoka macho yabaki yamefumbwa mpaka iingie vizuri, na kichwa chake kipo hapa pajani kwangu, chepesi, Bibi Theopista ambaye kijiji kizima cha Magamba kinasema anaua watu, na sasa redio pale dirishani inamtangaza mgeni wa leo, Manyanda, mpiga roki wetu, kwa simu moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, mume wangu, na mimi siwezi kuinuka kwenda kupunguza sauti... acha aongee basi, ni muda sijamsikia akiongea kwa utulivu, akinipigia mimi anakuwa mbio mbio, yupo mazoezini, yupo na mapromota, nitakupigia baadaye Kabula, na hiyo baadaye haifiki, halafu sauti yake naipata kama wanavyoipata watu wote wa mtaa huu wa Shanwe, dirishani... anacheka, mtangazaji amemuuliza ilikuwaje kijana wa wafugaji akaacha ng'ombe akashika gitaa la umeme, naye anaeleza ile shoo ya kwanza hapa Mpanda, ukumbini kule karibu na stesheni, watu walivyorusha chupa wakisema huo muziki wa mashetani, anaieleza vizuri, inachekesha, ila hasemi kwamba nilipanda jukwaani nikasimama mbele yake, chupa ikanipata hapa juu ya nyusi, nikashika maiki nikawaambia huyu ni mume wangu, hana shetani, ana gitaa, nyie mkitaka kumpiga anzeni na mimi, wakanyamaza, akamalizia wimbo wake huku damu inanichuruzika shingoni... labda amesahau, labda muda wa redio ni mfupi... bibi anasogeza kichwa, anasema inawasha, namwambia tulia bibi, bado kidogo. Macho haya yamekuwa mekundu kwa moshi, maisha yake yote amepikia kuni kwenye chumba kisicho na dirisha, na hilo nimelisema kwenye mikutano ya vijiji, nimelisema gulioni, kanisani, hata msikitini waliponikaribisha, mama mzee akiwa na macho mekundu mpelekeni hospitali, msiende kwa mganga ili atajwe kuwa mchawi, wengine wakasikia, Magamba hawakusikia, mtoto wa jirani akafa kwa homa, hata matanga hayajaisha paa la bibi linaungua, nikafika na bajaji nikamkuta amekaa katikati ya mahindi na kuku wake kwapani, nikamwambia twende kwangu bibi, na hakuuliza kwangu ni wapi. Tangu siku ile Kauthar wa nyumba ya pili haleti tena bakuli kuomba unga, wanawe wakifika hapa wanavuka barabara, juzi dukani walinihudumia bila kunitazama, na mtu nyuma yangu akasema huyu naye macho yameshaanza... sikugeuka, nikachukua sabuni yangu nikaondoka, nikafika nyumbani nikaanza kuongea peke yangu jikoni, eti chumvi iko wapi, eti haya tuone kama maji yamechemka, ili nyumba isinyamaze. Nilimwambia Manyanda. Nilimwambia njoo hata siku chache tu, tutembee wote mtaani wakuone, wewe wanakupenda sasa, akasema ratiba imebana, halafu akasema yule bibi si ndugu yako Kabula, mrudishe kwao uje Dar... kwao wapi, kwenye majivu? Sasa mtangazaji anasema, tunajua mkeo ni mwanaharakati huku Katavi, anatetea wazee wanaoitwa wachawi, na tunasikia kuna watu wanamtishia, wewe kama mume unasemaje, na mimi naigeukia redio... sema Manyanda, sema neno moja, Kauthar anasikiliza, dukani wanasikiliza, Magamba wanasikiliza, maana wewe ni mtoto wao, sema huyo ni mke wangu msimguse, inatosha... amekohoa. Nakijua kikohozi hicho, ndicho alichokuwa anakohoa mbele ya baba yake kila alipotaka kukwepa jambo.

"Hayo mambo ni ya kwake," anasema. "Mimi ni mwanamuziki, nina mashabiki wa kila aina, sipendi kuingia huko."

Halafu anataja shoo ya Jumamosi. Basi... mtangazaji anamshukuru, gitaa linaingia, wimbo ule aliotunga tukiwa tumekaa kwenye mkeka huu huu, mimi nikimshikia tochi umeme ulipokatika, na mkono wangu bado uko kwenye paji la uso la bibi, kumbe hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa miezi yote, nimekisikia, na bado napumua... maana nilikuwa natembea kama mtu mwenye mwenziwe njiani, wakinitukana najisemea ngoja aje, wakirusha jiwe mlangoni najisemea ngoja aje, na kwenye mikutano naanza kwa kusema mimi ni mke wa Manyanda, ili wanyamaze wanisikilize... haji. Alishaacha kuja zamani, mimi ndiye nilikuwa bado namsogezea kiti. Mkutano ujao nitasimama nitaje jina langu, Kabula Ndaki, nimetoka Shanwe, nimekuja kuongea habari za macho ya bibi zenu, wakinyamaza sawa, wakizomea sawa, nitaongea hivyo hivyo... ila nyumba hii jinsi ilivyo kubwa, Mungu wangu, kumbe ni kubwa hivi... chozi limemdondokea bibi shavuni, analigusa kwa kidole, anasema dawa imemwagika, nakubali, namfuta kwa pindo la kitenge.

"Huyo anayeimba ni nani?" ananiuliza.

Namfuta na shavu la pili, ambalo halijalowa.

"Mwanamuziki mmoja wa Dar, bibi."