Marfa au Bisbee

Wiki ya tatu ilikuwa inaisha na Erlinda Lucero bado hajakubali. Kila jioni saa moja simu ililia jikoni, naye aliiacha ilie mara tatu ili asionekane alikuwa akiingoja, ingawa alikuwa ameketi kando yake tangu saa kumi na mbili na nusu.

"Umeamua, wifi?"

"Naamuaje mambo makubwa na tumbo tupu?"

Aliyekuwa akipiga ni Bernadette, dada wa marehemu mumewe, Eloy. Baada ya mazishi, Berna alimpakia Erlinda kwenye gari kama mzigo akampeleka jangwani kutazama sanaa, akisema kulia ni kulekule, heri mtu alilie mahali penye kitu cha kutazama. Tangu hapo kila Aprili, miaka kumi na mmoja, mawifi hao wawili walifunga safari moja: ama Marfa, upande wa mashariki huko Texas, ama Bisbee, magharibi huko Arizona. Kutoka kwao Las Cruces ni mwendo wa karibu saa nne kwenda kokote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusingizia umbali. Walibishana siku mbili tatu, mmoja akashindwa, wakaenda.

Mwaka jana Berna aliuza nyumba yake, iliyokuwa mlango wa pili kutoka kwa Erlinda, akahamia Houston kwa binti yake kulea wajukuu. Taa ya jikoni mwa nyumba ile ikawa inawashwa na watu ambao Erlinda hakuwajua hata majina. Miezi ya kwanza Berna alipiga kila Jumapili. Kisha ikawa Jumapili mojamoja, nazo Erlinda alizihesabu. Halafu ikaingia Aprili, likazuka suala la safari, na simu ikaanza kulia kila siku.

Erlinda si mjinga. Aliona mara moja kwamba siku watakayochagua mji ndiyo siku simu itakapokoma. Moyoni alikuwa ameikubali Marfa tangu wiki ya kwanza. Aliupenda uwanda ule wa nyasi kavu na ukimya wake. Lakini akikubali, jioni zake atazijaza na nini? Kwa hiyo alipiga danadana, mwanamke wa miaka sitini na minane, bila haya.

"Bisbee ngazi tupu," Berna alisema jioni hiyo. Upepo ulikuwa ukirusha vumbi dirishani. "Na magoti yako hayo, nani atakubeba?"

"Magoti yangu yana nafuu kuliko macho yako. Marfa unakwenda kuangalia nini? Masanduku ya bati. Mtu mzima anaendesha saa nne kwenda kuchungulia sanduku lisilo na kitu ndani."

"Ndiyo sanaa yenyewe hiyo, mshamba wee."

"Basi na friji yangu ni sanaa. Njoo uitazame, haina kitu ndani."

Berna alicheka mpaka akakohoa. Kicheko hicho ndicho Erlinda alichokuwa akikingoja mchana kutwa.

"Huku sicheki hivi, wifi," Berna alisema alipopata pumzi. "Huku naongea na watoto wa miaka minne. Mama yao anarudi amechoka, anakula, analala."

"Basi njoo ucheke huku. Hebu taja siku kwanza, mji tutabishana njiani." Lilimtoka tu, hakuwa amelipanga.

"Siku? Yoyote. Tuseme Jumanne ijayo, Marfa. Tunalala siku mbili, tunarudi."

Erlinda alilirudia neno hilo moyoni: Jumanne.

Katika miji ile miwili hakuna anayefungua mlango Jumanne. Wachoraji na wenye maduka hufanya kazi mwisho wa wiki wageni wanapokuja, kisha hupumzika mpaka Alhamisi. Mawifi waliijua sheria hiyo kwa uchungu. Safari yao ya kwanza kabisa waliingia Marfa Jumanne, wakakuta kufuli kila mlango, wakala burito za kituo cha mafuta ndani ya gari huku Berna akiapa kwamba hata akifa asizikwe Jumanne. Tangu hapo walifika Alhamisi, na hilo halikujadiliwa tena. Mtu aliyekusudia kusafiri hawezi kulisahau. Anayelisahau ni yule anayetaja siku ilimradi ametaja.

Mwenye macho haambiwi tazama. Berna hakuwa anakuja. Hakuwa amezungumza na binti yake, hakuwa ameulizia nauli, na huenda hakufikiria kuja hata siku moja. Erlinda aliumia, akaumia kweli. Wiki tatu alijiona yeye ndiye mjanja anayevuta muda, kumbe walikuwa wakivuta wawili.

"Wifi, upo?" Sauti ya Berna ilikuwa imepungua. Nyuma yake mjukuu alimwita bibi yake, Nana, Nana. "Nakuja, mpenzi. Wifi? Kwani Jumanne ina ubaya gani?"

Maneno yalikuwa mdomoni: huji, Berna, na unajua huji. Berna angekana, kisha angelia, kisha angeomba radhi, na kesho saa moja ingepita kimya, na keshokutwa vilevile.

"Jumanne nina daktari wa meno," Erlinda alisema. "Halafu nani kakwambia nimeikubali Marfa?"

Upande wa pili Berna alishusha pumzi ndefu. "Mbishi wewe. Kaka yangu alikuvumiliaje?"

"Alikuwa haongei. Peke yake katika ukoo wenu mzima."

"Kesho nakupigia nikupe sababu kumi za Marfa."

"Piga. Nitakuwa na kumi na moja."

Alikata simu, na nyumba ikarudi kuwa kimya. Mwaka huu hawangekwenda Marfa wala Bisbee, na pengine mwaka ujao pia. Erlinda alipasha chapati moja ya tortilla, akaipaka pilipili ya kijani, akaketi mezani na kalamu na karatasi, akaanza kutafuta ubaya wa mji anaoupenda.