Kipimo cha Babu

"Lala vizuri. Nyoosha miguu."

Silvester alijilaza chali juu ya mbao za mninga, katikati ya karakana yake pale Mlandege, maranda yakimchoma shingoni. Alikuwa fundi wa majeneza tangu ujana wake, lakini hakuwahi kupimwa yeye. Shangazi yake, Devota, aliyepanda basi kutoka Ilomba, Mbeya, kwa ajili ya kazi hiyo, alipiga magoti kwa taabu, akachora mstari wa chaki juu ya utosi wake na mwingine chini ya nyayo.

"Babu alikuwa mrefu kuliko wewe," alisema. "Baba alisimuliwa hivyo na mama yake. Ongeza."

"Shangazi, kinachokuja ni fuvu tu. Watu wa serikali wamesema kisanduku kinatosha."

"Kisanduku ni cha viatu. Wajerumani walichukua kichwa, mwili hata hawakutuonyesha. Na sisi sasa tumpunguze?"

Silvester akaongeza.

Babu huyo aliitwa Chavala. Wajerumani walipoiteka nchi ya Wahehe walimkamata, wakamnyonga, wakakikata kichwa chake na kukisafirisha kwao. Mkewe alikuwa mjamzito. Mtoto aliyezaliwa, ambaye ndiye baba yake Devota, alipokuwa mtu mzima alikwenda kwa Bwana DC kukidai kichwa cha baba yake. Wakati huo Waingereza walikuwa wameshawashinda Wajerumani, naye aliamini kwamba mshindi atamwonea huruma aliyeonewa na adui yake. Bwana DC alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba shauri hilo litapelekwa Jeneva, yanakoketi mataifa yote ya dunia.

Alisubiri mpaka akaota mvi. Baada ya Uhuru watoto wake wakauliza tena, mara ubalozini, mara Umoja wa Mataifa. Walijibiwa kwa upole kila mara, na kila mara wakaambiwa wasubiri. Nyumbani Jeneva likawa neno la kawaida tu. Mtoto akitumwa chumvi dukani akachelewa, mama yake alisema, "Huyo amekwenda Jeneva," na watu wakacheka. Mzee peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Ndipo wakaja watu wa makumbusho na kijiti cha pamba, wakampangusa Silvester ndani ya shavu. Mate yake yakaoana na fuvu moja lililokuwa kabatini ng'ambo. Familia ilifurahi, ikasonga ugali wa watu wengi, kisha safari ya fuvu ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Devota akaanza kukosa usingizi. Ndiye mtoto pekee wa yule mzee aliyebaki hai.

"Nikifa kabla hajafika," alimwambia Silvester siku ile ya chaki, akijipangusa vumbi la mbao magotini, "nitamwambia nini baba?"

Silvester alichukua randa akaanza kazi. Mbao za watu wengine alizilainisha upande wa nje tu, unaoonekana na waombolezaji. Hizi alizilainisha na ndani, akipitisha kiganja kila pembe kutafuta kibanzi. Alipomaliza alijiona mjinga kidogo, maana nani angechomwa?

Gari lilifika nyumbani kwa ukoo wao, upande wa Ifunda, asubuhi yenye ukungu. Mwanamke mmoja kijana alishuka, akiwa amebeba kasha mikononi mwake, hakuliacha kwenye kiti. Aliitwa Ruwaida, wa makumbusho. Aliwasalimu wazee wote kwanza, akaomba meza, akavaa glavu, akafungua.

Silvester alikuwa amewagusa maiti wengi. Sasa mikono yake ilikataa kuinuka. Tangu utotoni alikuwa akimwona Chavala akilini kama mzee mwenye ndevu nyeupe, kwa sababu aliitwa babu. Lakini meno yale yalikuwa yote mahali pake, meupe, hayajalika. Meno mawili ya mbele yalikuwa na mwanya. Ulimi wa Silvester ulikwenda wenyewe ukagusa mwanya wake. Akamfikiria Aroni, mwanawe, anayeendesha bodaboda mjini na kucheka ovyo, mwanya nje.

"Alikuwa na umri gani?" aliuliza.

"Miaka ishirini na kitu," Ruwaida alisema. "Haizidi hapo."

Devota alisogea. Wiki nzima alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno ya kumpokea mkubwa: amwombe radhi kwa kuchelewa, amtaje baba yake, apige magoti. Alitazama meno yale.

"Kamwene," alimsalimu taratibu kwa Kihehe. Kisha, "Kumbe ulikuwa mtoto."

Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mikono. Ruwaida alimtazama Silvester, akaliweka fuvu kwenye mapaja ya bibi yule. Kwenye paji la uso palikuwa na namba ya wino mweusi. Devota alilowesha ncha ya kanga kwa mate, akaanza kuisugua, kama mama anavyomfuta mtoto uso kabla ya kwenda kanisani. Haikutoka yote. Alisugua hata hivyo, akimwimbia kwa Kihehe, na hakuna aliyemharakisha.

Walimlaza katika jeneza refu, kichwa mahali pa kichwa, na blanketi likatandazwa pale ambapo mwili ungekuwa. Padri alisali. Wanaume walipokezana majembe. Udongo wa mwisho ulipowekwa, vijana walianza kuongea kwa sauti ya kawaida, na mtu akauliza kama chai ipo.

Kesho yake Silvester alikwenda kumwita shangazi, maana basi la Mbeya lilikuwa karibu kupita. Alimkuta uani kwenye mkeka, juani, amelala fofofo, kinywa wazi, akikoroma. Kuku na vifaranga wake walikuwa wakidonoa punje kuzunguka miguu yake. Basi lilipiga honi barabarani. Silvester alisimama pale, akaliacha lipite, akavua koti akamfunika mabega.